Neno "Line" na Uzi Wake: Kutoka Kitani hadi Mpaka wa Kapedo

Utangulizi

Ni kawaida ya wanafunzi wanaoanza somo la tafsiri kuogopa maneno marefu ya Kiingereza. Hofu hiyo haina msingi mkubwa. Istilahi ndefu ya tiba au ya uhandisi aghalabu hubeba maana moja tu, na mfasiri akishaipatia kisawe humalizana nayo. Yanayomkosesha usingizi ni yale maneno mafupi ambayo mtoto wa darasa la tatu huyajua. Kamusi kuu ya Oxford, katika toleo lake la pili la 1989, ililigawia neno "set" maana zaidi ya 400. Neno "line" halijapata sifa hiyo ya kutajwatajwa, lakini yeyote aliyewahi kukaa na matini ya Kiingereza akiwa na kalamu mkononi anajua jinsi linavyoweza kumzungusha.

Makala hii inalichunguza neno hilo kwa macho ya Kiswahili: tunalipokea vipi, tunaligawa vipi, na wapi tunalikosea. Mifano mingi imechukuliwa kutoka kaunti ya Turkana, hususan Kakuma, Lodwar na Kapedo. Uteuzi huo una sababu. Huko Kiswahili si lugha ya mama ya walio wengi, bali ni lugha ya katikati. Mturkana na Mpokot hukutana ndani yake, na mkimbizi na mwenyeji wake vilevile. Huko pia neno "line" halibaki katika kamusi. Linagusa chakula, simu, na ardhi ambayo watu wameifia.

Kitani na ubao wa mwandishi

Kiingereza kililipata neno hili kutoka Kilatini, ambako "linea" ilikuwa uzi wa kitani, na "linum" kitani chenyewe, ule mmea unaofumwa nguo. Kwa hiyo maana ya kwanza si alama iliyochorwa, ni kitu unachoweza kukishika na kukivuta. Fundi mwashi hadi leo huvuta uzi kabla ya kupanga mawe. Kutokana na uzi uliovutwa ndipo tunapata ule unyoofu, kisha alama inayofuata unyoofu huo, kisha watu waliosimama kwa kuufuata, na kuendelea.

Neno letu "mstari" limetoka Kiarabu, na kwa mtazamo wa kwanza linaonekana kuwa na ukoo tofauti kabisa: ni neno la wasomi na waandishi, linalohusiana na "satr", yaani mstari wa maandishi. Lakini chombo kilichoitwa "mistara" katika ulimwengu wa Kiislamu kilikuwa nini? Kilikuwa ubao au karatasi ngumu iliyofumwa nyuzi. Mnakili aliweka karatasi yake juu ya nyuzi hizo, akaibonyeza kwa kidole, na alama zikabaki ili mkono usipotee wakati wa kuandika. Hivyo mstari wa Mwarabu nao ulianza kwa uzi. Mwandishi wa makala hii anakiri kwamba sadfa hiyo ilimfurahisha kuliko inavyostahili makala ya kitaaluma.

Kiarabu kilitupa neno jingine linalohusika, ingawa wengi hawalitambui. "Khatt" ni mstari, na pia ni mwandiko. Kwetu likawa "hati". Tunasema hati nzuri kwa maana ya mwandiko unaosomeka, hatimkato kwa maandishi ya haraka, hati kwa waraka rasmi, na hatimiliki kwa karatasi ya kumiliki ardhi. Maana ya mstari imefifia katika neno hilo, lakini haikutoweka katika historia yake. Tutalirudia tutakapofika Kapedo, kwa kuwa huko mstari ukawa karatasi na karatasi ikataka kuwa mstari.

Kiswahili hugawa kwa kazi

Mwanafunzi akiambiwa atafsiri "line" husema "mstari" bila kusita. Hebu ajaribu kumpa mvuvi wa Ziwa Turkana mstari. Mvuvi anataka mshipi. Mama anayefua anataka kamba ya kuanikia. Fundi wa umeme anazungumzia waya, mhandisi wa mafuta anazungumzia bomba, msafiri anauliza shirika la ndege, mhariri anatafuta kichwa cha habari, na bibi aliyejitazama kwenye kioo analalamikia makunyanzi. Katika Kiingereza wote hao wameshika uzi ule ule. Katika Kiswahili kila mmoja ana kifaa chake.

Isidhaniwe kwamba huu ni upungufu wa Kiswahili, wala kwamba ni utajiri wake. Lugha hizi mbili zinapanga ghala kwa njia tofauti. Kiingereza kinatazama umbo: kitu chembamba kirefu ni "line", kiwe cha pamba, cha chuma au cha watu. Kiswahili aghalabu kinauliza kitu hicho kinafanya nini. Tazama nasaba. Mwingereza huona watu wa ukoo mmoja kama uzi unaoshuka kutoka kwa babu. Mswahili wa mwambao huzungumzia mlango: fulani ni wa mlango fulani. Uzi na mlango ni sitiari mbili zisizopatana, na mfasiri anayeandika "mstari wa kifalme" ameshatupeleka kwenye daftari la hesabu badala ya kwenye jumba la mfalme.

Kuna mahali, hata hivyo, ambapo tafsiri ya moja kwa moja ilikubalika na sasa ni mali yetu. "Mstari wa mbele" ni mfano ulio wazi. Wakati wa harakati za ukombozi kusini mwa Afrika, Tanzania, Zambia na nchi wenzao zilijulikana kama Nchi za Mstari wa Mbele. Usemi huo ulikuwa wa kivita na wa kigeni. Leo mwalimu mkuu husema kwamba wazazi wawe mstari wa mbele kuchangia ujenzi wa choo, na hakuna anayefikiria mahandaki.

Neno lingine lenye kisa ni lile la tarehe ya mwisho. Kiingereza husema "deadline", na wengi hulitamka bila kujua kwamba lilikuwa mstari wa kweli. Katika gereza la Andersonville, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, mwaka wa 1864, kulikuwa na mpaka ndani ya uzio ambao mfungwa akiuvuka alipigwa risasi. Magazeti ya Kenya hutumia "makataa", kutokana na kukata. Tanzania husema "tarehe ya mwisho". Maneno yetu yote mawili hayana damu. Nadhani tulifanya vyema kutoutafsiri uzi huo.

Laini: neno moja au mawili?

Tufike sasa kwenye neno ambalo walimu wetu wengi hulikunjia uso. Mjini Lodwar, kama ilivyo Nairobi au Mwanza, mtu husema: "Laini yangu imepotea." Anamaanisha kile kikadi kidogo kinachotiwa ndani ya simu. Wapo wanaosema kwamba huo ni uharibifu, kwa kuwa Kiswahili tayari kina "laini" yenye asili ya Kiarabu na maana ya kitu kisicho kigumu wala kukwaruza: kitambaa laini, ngozi laini, maneno laini. Tuna hata kitenzi kulainisha. Iweje basi neno moja lisimamie hariri na simu kwa pamoja?

Jibu ni kwamba si neno moja. Hapa tuna homonimia, siyo polisemia. Maneno mawili yenye asili mbili, moja la Kiarabu na jingine la Kiingereza, yamegongana katika sauti baada ya yote mawili kukubali kanuni za matamshi ya Kiswahili. Sarufi nayo imeyatenganisha bila kuombwa. Laini ya kwanza ni kivumishi kisichochukua kiambishi cha upatanisho, kama safi na ghali: kiti laini, viti laini. Laini ya pili ni nomino ya ngeli ya I-ZI: laini hii imesajiliwa, laini hizi zimefungwa. Sentensi "Ninataka laini" ikisemwa mbele ya kibanda cha simu ina maana moja, na ikisemwa mbele ya muuza vitambaa ina nyingine. Msikilizaji hatatiziki. Anayetatizika ni mtungaji wa mtihani.

Kinachovutia zaidi ni safari ya maana yenyewe. Uzi ulikuwa waya wa simu uliofungwa kwenye nguzo. Kutoka kwa waya, maana ikahamia kwenye mawasiliano yanayopita ndani ya waya, kisha kwenye nambari ya mwenye simu, na hatimaye, waya ulipotoweka, ikatua juu ya kadi. Hiyo ni metonimia hatua kwa hatua. Na hatua ile ya mwisho ni yetu. Mwingereza wa London hana desturi ya kuiita kadi yenyewe "line". Mtu wa Afrika Mashariki huiita, na wakati mwingine hurudisha matumizi hayo katika Kiingereza chake. Neno lililokopwa limezaa mtoto ugenini. Serikali nazo zimelipokea katika maisha ya umma: Wakenya walitakiwa kusajili laini zao mwaka wa 2010, na Watanzania walipanga foleni mwaka wa 2019 kusajili laini kwa alama za vidole. Neno ambalo raia anaweza kukatiwa mawasiliano kwa sababu yake halifai kuachwa nje ya kamusi kwa hoja ya usafi.

Kuna laini nyingine za zamani zaidi, za kijeshi. Kiingereza cha kikoloni kiliita makazi ya askari "lines", kwa sababu nyumba zilipangwa kwa safu, na hadi leo nyumba za polisi nchini Kenya huitwa hivyo. Katika mtaa wa Kibera, Nairobi, ambao asili yake ni makazi ya askari Wanubi wa King's African Rifles, kuna kata iitwayo Laini Saba; jina hilo husimuliwa kuwa limetokana na uwanja wa shabaha wa askari hao. Wakaazi wengi wa leo hawakumbuki bunduki hizo wanapotaja anwani yao.

Kakuma: watu wanapokuwa mstari

Kambi ya Kakuma ilianzishwa mwaka wa 1992, vijana waliotoroka vita vya Sudan walipoingia Kenya. Baadaye wakaja Wasomali, Waethiopia, Wakongomani, Warundi na wengineo. Kambi ni mahali pa kusubiri, na kusubiri kwa watu wengi hufanywa kwa mstari. Kwa hiyo, kwa mwanafunzi wa leksikografia, Kakuma ni hazina iliyo wazi: karibu kila lugha iliyofika pale imekuja na neno lake la foleni.

Msudani na Msomali wote husema "saf". Ni neno la Kiarabu "saff", na Mswahili analo pia: safu. Kwetu lakini safu imepanda cheo. Tuna safu ya milima, safu ya gazetini, safu ya waumini katika sala. Mtu hasemi kwa urahisi kwamba amepanga safu ya unga. Mkongomani husema "mulongo", na Mrundi husema "umurongo". Hapo mwanafunzi wa isimu linganishi anapaswa kusimama, maana Kiswahili sanifu kina "mlolongo", na mzizi wa Kibantu unaonekana bila kuhitaji darubini. Mkongomani anayeambiwa na Mkenya kwamba Kiswahili chake ni kibovu kwa kusema mulongo anaweza kujibu, kwa haki kabisa, kwamba yeye ndiye aliyebaki na neno la wazee, na kwamba foleni ndiyo mgeni.

Kwani foleni imetoka wapi? Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba limetokana na amri ya gwaride ya Kiingereza, "fall in", yaani ingieni katika safu. Askari wa kikoso cha King's African Rifles, kilichoundwa mwaka wa 1902, na polisi na makuli wa bandarini waliisikia kila asubuhi. Amri ikageuka kuwa nomino. Neno hilo limezaliwa kwa kufokewa, na labda ndiyo sababu hata leo foleni haina raha. Ni jambo la kuchekesha kidogo kwamba, kati ya maneno yote ya Kiingereza yenye umbo la mstari, Kiswahili kilichagua kukopa, kwa maana hii, usemi ambao hauna "line" ndani yake.

Mlolongo nalo, katika Kiswahili cha Kenya, lina doa. Katika uteuzi wa wagombea wa KANU wa mwaka wa 1988 wapigakura walitakiwa kusimama hadharani nyuma ya wagombea wao au mawakala, na aliyepata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa kuwa mbunge bila kupingwa. Malalamiko yalikuwa mengi kwamba mistari mifupi ilitangazwa kuwa mirefu. Utaratibu huo uliondolewa na chama Desemba 1990, lakini neno lilibaki limenuka. Mkenya wa umri fulani akisikia "mlolongo" hafikirii mulongo wa Kongo, anafikiria wizi wa kura. Hivi ndivyo historia ya nchi moja inavyoweza kubadilisha uzito wa neno bila kubadilisha maana yake ya kamusi. Mtu wa Kigoma hatahisi lolote.

Turudi kwenye chakula. Mwaka wa 2015 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianzisha Kakuma utaratibu ulioitwa Bamba Chakula, ambapo sehemu ya posho ya mkimbizi ilitumwa kwa njia ya simu naye akanunua vyakula katika maduka yaliyoidhinishwa. Kwa sehemu hiyo ya posho, foleni ilipungua na laini ikachukua nafasi yake. Tukiitazama kwa Kiingereza, "line" moja imechukua nafasi ya "line" nyingine, na mwandishi wa ripoti anaweza asione chochote. Kwa Kiswahili badiliko linaonekana waziwazi: aliyekuwa akiogopa kurukwa kwenye foleni sasa anaogopa kupoteza laini. Hofu mbili tofauti, nazo zimepewa majina mawili.

Kuhusu mshororo

Wanafasihi hawatanisamehe nikipita bila kugusa ushairi. Hapa nitakuwa mfupi, kwa kuwa jambo hili limeandikwa mara nyingi. "Line" ya shairi katika shule za Kenya ni mshororo, na mishororo ya ubeti ina majina: mwanzo, mloto, mleo, kituo au kibwagizo. Tanzania neno mstari husikika zaidi. Tofauti si ya ladha tu. Mshororo hupimwa kwa mizani na hugawika vipande, ukwapi na utao. Ni kitu cha kuimbwa. Mstari huonekana kwenye karatasi. Ndiyo maana ushairi huru ulipoingia, ukiwa na sentensi zinazokatwa na kuendelea chini, wahakiki walijikuta wakisema "mistari mishata" na "mistari kifu" hata pale walipokuwa wamezoea mishororo. Bila kukusudia, walikubali kwamba shairi huru lina macho kabla ya kuwa na sauti. Sidhani uamuzi huo wa kimyakimya umejadiliwa vya kutosha.

Mistari yenye rangi

Kaskazini mwa Turkana, panapokutana Kenya, Sudan Kusini na Ethiopia, lipo eneo la Ilemi. Historia yake katika nyaraka ni historia ya mistari. Kapteni Philip Maud alipima mpaka wa Ethiopia mwaka wa 1902 na 1903, na mapatano ya 1907 kati ya Uingereza na Ethiopia yakaufuata mstari wake. Mwaka wa 1914 ukachorwa mstari wa Uganda na Sudan, wakati ambapo Turkana ilihesabiwa kuwa upande wa Uganda. Ilihamishiwa Kenya mwaka wa 1926. Mwaka wa 1938 ukapimwa mstari uliojulikana kwa rangi yake nyekundu, mwaka wa 1947 ukaja wa buluu, na mwaka wa 1950 Sudan ikachora mstari wake wa doria. Waturkana, Watoposa, Wanyangatom na Wadasanech walihama na mifugo yao kufuata nyasi, na nyasi hazikuwa na rangi ya ramani.

Tunaposimulia mambo hayo kwa Kiswahili, "mstari mwekundu" na "mstari wa buluu" ni tafsiri sahihi. Vilikuwa vitu vilivyochorwa kwa wino. Kosa hutokea pale tunapodhani kwamba kila "boundary line" ni mstari.

Kapedo iko upande wa pili, kusini-mashariki mwa kaunti, penye chemchemi za maji moto yanayoporomoka na kuulisha mto Suguta, ambao hutiririka kuelekea kaskazini hadi ziwa Logipi. Ni mahali ambapo Turkana na Baringo zinakutana na ambapo kila upande unadai kwamba mwenzake ndiye mgeni. Kati ya mwisho wa Oktoba na mwanzo wa Novemba 2014 maafisa wa polisi wapatao 20 waliuawa kwa kuviziwa karibu na hapo, na operesheni iliyofuata iliwaumiza raia wengi. Wizi wa mifugo, silaha haramu, ukame na malisho vyote vimo katika mgogoro huo, na ingekuwa utoto kudai kwamba kisawe bora kitazima bunduki. Hata hivyo mgogoro unazungumzwa, na unazungumzwa kwa lugha. Sheria, ramani na barua ziko kwa Kiingereza. Baraza linaendeshwa kwa Kiswahili, na kutoka hapo maneno hupelekwa katika Kiturkana na Kipokot. Kiswahili ndicho mlango ambao kila neno lazima lipite. Katiba ya 2010, katika ibara ya 7, imekifanya lugha rasmi pamoja na kuwa lugha ya taifa, hivyo kazi ya mkalimani huyo si ya kujitolea tu, ina uzito wa kisheria.

Katiba hiyo hiyo, katika Jedwali lake la Kwanza, imetaja kaunti 47 kwa majina bila kueleza mipaka yao. Anayetaka maelezo hurejea Sheria ya Wilaya na Mikoa ya 1992, na wengine hurudi nyuma hadi ramani za kikoloni na za uhuru. Ibara ya 188 inaruhusu mpaka wa kaunti kubadilishwa, kwa mapendekezo ya tume huru na idhini ya Bunge. Kwa hiyo wazee wa pande mbili wanaposema "sisi tuna hati", wanarudi bila kujua kwenye "khatt" ya Kiarabu: mstari ulioandikwa. Kila upande una karatasi, na karatasi hizo zinataka kutembea juu ya mawe ya Kapedo.

Neno letu la jambo hili ni mpaka, na lina tabia ambayo "line" haina. Mstari huchorwa, hupigwa, huvukwa. Daima kuna mtu wa nje aliyeshika kalamu. Mpaka una kitenzi jirani, kupakana, chenye kile kiambishi cha kutendana. Turkana inapakana na Baringo, na Baringo inapakana na Turkana; haiwezekani mmoja apakane peke yake. Zaidi ya hayo, mpaka ni neno la kufika: toka Lodwar mpaka Kapedo. Msikilizaji wa Kiswahili analisikia kama mahali pa kukomea na pia pa kukutania. Sitaki kulipamba kupita kiasi, kwani mipaka nayo huwekewa vigingi na kumwaga damu. Lakini mkalimani anayesema "huu ndio mstari, msiuvuke" na yule anayesema "hapa ndipo mnapopakana" hawajasema jambo moja, ingawa wote wawili walikuwa wakitafsiri sentensi moja.

Tuchukue sentensi ya kubuni, ya aina inayopatikana katika maelezo ya wapimaji: "The boundary line runs along the river." Wanafunzi niliowapa sentensi za namna hii hutoa aghalabu majibu matatu. La kwanza ni "Laini ya mpaka inakimbia kando ya mto", ambalo limeubeba Kiingereza mgongoni pamoja na miguu yake. Katika Kiswahili mpaka haukimbii, na mchungaji anayelisikia anaweza kuuliza unamkimbia nani. La pili ni "Mstari wa mpaka unapita kando ya mto". Hilo linaeleweka, na kwa ramani iliyotandazwa mezani linafaa, kwa kuwa watu wanatazama wino. La tatu ni "Mpaka unaambaa mto", na kwa maoni yangu ndilo Kiswahili chenyewe, maana kuambaa ni kwenda kwa kufuata ukingo wa kitu bila kukiacha, kama jahazi linavyoambaa pwani.

Lakini hapo ndipo mfasiri anapogundua kwamba uzuri wa kitenzi haujammaliza kazi. Kinachoambaa kiko upande mmoja wa kile kinachoambawa. Mpaka ukiuambaa mto, mto wenyewe unabaki kwa nani, na ng'ombe watanyweshwa kwa ruhusa ya nani? Kiingereza kilikuwa kimelificha swali hilo ndani ya neno "along", na tafsiri sahihi imelifichua. Katika baraza la Kapedo, mkalimani anayeijua kazi yake hapo husimama, humgeukia ofisa mwenye karatasi, na kumwuliza kabla ya kuendelea: ukingo upi, wa mashariki au wa magharibi, na mto wa kiangazi au mto wa mvua?